Sura ya Saba: Anayebeba Haya ya Wengine

Mgonjwa akilazwa katika hospitali ya umma jijini Kigali, swali linaloikabili familia yake mapema kuliko la dawa ni la chakula. Hospitali inatibu; kulisha, kwa desturi, ni kazi ya ndugu. Mmoja hubaki kando ya kitanda kumuuguza, mwingine hupika nyumbani na kuja na vyombo vilivyofunikwa kitambaa: uji asubuhi, ndizi na maharage mchana. Aliyeletwa usiku na gari la wagonjwa kutoka hospitali ya wilaya ya mashambani hana jiko Kigali. Saa ya chakula inapofika, jirani yake wa kitanda anafunua sufuria, naye anageukia ukutani.

Utaratibu huu umejengwa juu ya dhana kwamba kila mtu ana ndugu. Rwanda ni nchi ambayo dhana hiyo haiwezi kuchukuliwa kirahisi. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalimaliza familia nzima nzima, na hadi leo wapo wazee wanaougua bila mtoto, bila ndugu, bila mpwa wa kuwachemshia hata maji. Wapo pia wakimbizi, wapo vijana waliotoka kijijini kuja kujenga maghorofa ya jiji, wapo wasichana waliofukuzwa nyumbani kwa sababu ya mimba. Wodi ndiyo inayomjua mtu asiye na mtu.

Bima ipo, tena ni ya kujivunia. Mutuelle de santé ilianza kwa majaribio mwaka 1999 katika maeneo ya Byumba, Kabgayi na Kabutare, ikaenea nchi nzima katikati ya miaka ya 2000, na tangu 2015 inaendeshwa na RSSB, shirika la taifa la hifadhi ya jamii. Zaidi ya watu 8 kati ya 10 wamo. Kwa miaka mingi kaya nyingi zimelipa faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka, na mwenye mutuelle akifika hospitali hulipa asilimia 10 ya gharama. Kwa malaria ya siku mbili, asilimia 10 haimtikisi mtu. Kwa mfupa wa paja uliovunjika, na upasuaji, na wiki nyingi kitandani, asilimia hiyo hiyo inaweza kumfilisi mwendesha baiskeli ya abiria ambaye tangu siku ya ajali hajaingiza hata faranga moja. Tena kwa kiwango hicho kaya ya watu saba huhitaji faranga 21,000 kabla ya Julai, mwezi ambao mwaka wa bima huanza upya, na Julai haingojei mavuno ya mtu.

Kwa hiyo kati ya kile kinacholipwa na bima na kile ambacho familia haina, panabaki pengo. Katika pengo hilo husimama mtu mwenye daftari.

Kabeza iko katika sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro, ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Kigali. Ndege inapopita juu ya mabati, mazungumzo hukatika, kila mtu akangoja, kisha yakaendelea pale pale yalipoachwa. Ni mtaa wenye soko, saluni, maduka ya vifaa vya ujenzi, na moshi wa brosheti kuanzia jioni. Baada ya 1994 watu wengi waliokuwa wameishi ukimbizini Burundi, Kongo, Tanzania na Uganda walihamia upande huu wa jiji, na Kiswahili kikarudi nao ndani ya mizigo; kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, masikioni mwa watu wa Kabeza kilikuwa cha siku nyingi. Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda, inayopokea raia pia, iko huko huko Kanombe, safari fupi ya pikipiki. Habari za wodini hapa hazitoki mbali.

Katika mtaa kama huu yupo mama mmoja. Simtaji jina, kwa kuwa simwelezi mmoja. Wa aina yake wapo Kabeza, wapo Nyamirambo na Gikondo, wapo ng'ambo ya mpaka Bujumbura na Goma, nao wanafanana kwa mwenendo kiasi kwamba ninaweza kuwaandika kama mtu mmoja na kila msomaji akadhani nimemwandika jirani yake. Umri wake umepita miaka sabini. Alikuwa mwalimu, au muuguzi, au muuza mchele sokoni. Amezaa, amezika. Sasa, katika umri ambao wenzake hukaa kibarazani wakasubiri kuamkiwa, yeye anavaa viatu vya kufunga na kutoka kuwaombea msaada wagonjwa asiowajua.

Chombo chake cha kazi ni daftari la shule la kurasa 96, lile wanalonunuliwa watoto mwanzo wa muhula. Nilifunguliwa moja. Upande wa mbele mistari imepigwa kwa rula: jina la aliyetoa, kiasi, tarehe, saini. Asiyejua kuandika ameweka alama ya kidole. Kuna wa faranga 500, kuna wa 10,000, kuna aliyeandikiwa "mchele kilo mbili", kuna aliyeandikiwa "sabuni". Geuza daftari, ulianze kwa nyuma, ndipo utakuta matumizi: maziwa, pampasi za mtu mzima, nauli ya kurudi Nyagatare, salio la bili. Huku nyuma hamna jina hata moja. Pameandikwa namba ya kitanda tu, na wodi. Waliotoa wanajulikana wote, waliopewa hawajulikani. Hakufundishwa na mhasibu yeyote kufanya hivyo. Aliona mwenyewe kwamba daftari linaweza kuangukia mikono ya mtu wa mtaani, na kwamba mgonjwa atapona, atarudi, atakutana na watu hao hao kwenye bomba la maji.

Hapo ndipo ninapoiona thamani ya kazi yake, na ndiyo sababu ya sura hii. Tumezoea kumpima mchangishaji kwa hesabu: ameleta ngapi? Fedha anazoleta mama huyu ni kidogo. Kampuni moja ya simu ikiamua kutoa msaada Jumatatu, inamzidi kabla ya saa nne. Lakini yupo anayeshindwa kuomba. Yupo baba ambaye angeuza shamba, au angetoroka hospitali usiku na kidonda kibichi, kuliko kusimama mbele ya watu na kusema "nisaidieni". Mama huyu anakwenda kusimama yeye. Macho yanayomkagua, miguno, ahadi za uongo, "rudi mwisho wa mwezi", mlango unaofunguliwa nusu: vyote hivyo vilikuwa vya mgonjwa, na yeye ameviomba vije kwake. Fedha wangeweza kuileta wengine. Haya haibebeki kwa mashine ya benki.

Na anaibeba kwa ustadi. Anapofika dukani hatangulizi shida. Anaketi, anauliza hali ya watoto, anaulizia bei ya sukari. Mwenye duka, ambaye tayari ameliona daftari, anajitetea kabla hajaulizwa.

"Mama, wiki hii biashara imelala."

"Ninaona, mwanangu. Sikuja kuchukua, nimekuja kukupa habari. Yule mtoto wa kitanda cha nne uliyemnunulia maziwa ameruhusiwa jana. Ametoka anatembea."

Kisha ananyanyuka kwenda. Mara nyingi huitwa kabla hajafika barabarani. Wanaofundisha uchangishaji vyuoni wana maneno marefu ya jambo hili, la kumrudishia mtoaji habari ya mchango wake. Mama huyu analiita kusalimia.

Namna hii ya kusaidiana si ngeni katika vilima hivi. Kabla ya barabara na magari ya wagonjwa, mgonjwa wa Rwanda na wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, alibebwa kwa machela ya kusukwa: ingobyi kwa Wanyarwanda, engozi kwa Wakiga. Wanaume walimweka mabegani, wengine wakafuata nyuma kusubiri zamu, na wanawake wakachukua chakula na mkeka. Kila kaya ilikuwa ndani ya kikundi cha kubeba. Asiyefika alitozwa faini, na aliyekwepa kila mara alijua kwamba naye ana mwili, na mwili huugua. Hapakuwa na haja ya kuomba: siku ya mtu ilipofika, alibebwa kwa haki, kwa kuwa naye alibeba.

Vikundi hivyo havikufa yalipokuja magari. Huko Kigezi vilianza kuweka akiba, na mwaka 1996 Hospitali ya Kisiizi, hospitali ya Kanisa la Uganda iliyofunguliwa mwaka 1958, ilipoanzisha bima yake ya afya ilipitia humo humo: watu walijiunga kwa vikundi vyao vya engozi, si mmoja mmoja. Ilikuwa busara kubwa. Mtu ambaye asingemwamini karani wa bima aliwaamini watu waliombeba mama yake. Nchini Rwanda nako, mutuelle ilipofika ilikuta watu wanaoijua tayari maana ya kuchangia ugonjwa ambao bado haujaja.

Lakini bima, kwa wema wake wote, ilibadilisha kitu. Kikundi cha kubeba kilimfahamu kila aliyebebwa. Bima inaifahamu namba ya kitambulisho. Haijui kwamba mwenye namba hiyo ameshinda njaa wodini. Tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani zimekuwa zikiruka kutoka Muhanga kupeleka damu katika hospitali za mbali, na mfuko wa damu unaangushwa kwa mwavuli mdogo mbele ya mtumishi anayeungoja. Nchi iliyofika hapo inastahili sifa, nami ninaisifu. Uji wa mgonjwa asiye na ndugu bado unakwenda kwa miguu ya mtu mwenye huruma.

Wapo walioliona pengo hilo la chakula na kulifanyia kazi kwa upana. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Isabelle Kamariza, akiwa bado kijana, alianza na marafiki zake kuchangishana ili kuwalisha wagonjwa wa CHUK, hospitali kubwa ya rufaa jijini Kigali. Kilichoanza na michango midogo ya marafiki kimekuwa Solid'Africa, shirika lenye jiko kubwa linalopikia wagonjwa wa baadhi ya hospitali za umma kila siku. Ninamtaja kwa sababu mbili. Kwanza, anastahili. Pili, kazi yake inaonyesha kinachowezekana pale mchango wa marafiki unapopata jiko, vitabu vya hesabu na watu wa kupokezana. Mama wa Kabeza ana moyo ule ule. Kupokezana ndiko anakokosa.

Kwa nini kazi hii huwaangukia wazee? Jibu la haraka ni kwamba wana nafasi. Si jibu baya, ila halitoshi. Mzee ana mtaji ambao kijana hawezi kuukopa: watu wanaijua nyumba yake. Wameiona miaka ishirini haijaongezwa chumba. Anapochukua noti ya faranga 5,000 na kuitia mfukoni hakuna anayewaza kwamba itaishia kwenye simu mpya. Tena mzee hana tena cha kuogopa katika kukataliwa. Kijana akiambiwa "sina" mbele ya watu huumia wiki nzima. Mama huyu amekwisha kuambiwa maneno mazito kuliko hayo, katika nyakati nzito kuliko hizi. Na desturi zetu zinamsaidia. Katika Afrika ya Mashariki yote ni vigumu kumwacha mtu wa rika la mama yako asimame juani mlangoni kwako. Anaujua udhaifu wetu huo, na anautumia kwa ajili ya mtoto wa kitanda cha nne.

Mfano mkubwa kuliko wote wa uzee ulioingia kazini ninaoujua uko Hargeisa, Somaliland. Edna Adan Ismail, mkunga aliyezaliwa mwaka 1937, alistaafu Shirika la Afya Duniani akiwa na kila sababu ya kupumzika. Alichukua kiinua mgongo chake, akauza gari lake la Mercedes na vito vyake, akajenga hospitali ya wazazi mahali palipokuwa jalala. Fedha haikutosha, akaanza kuomba, nyumbani na ughaibuni. Hospitali ilifunguliwa Machi 2002, ikatibu, ikafundisha wakunga. Mwaka 2023, akiwa na miaka 85, alipewa Tuzo ya Templeton, moja ya tuzo zenye fedha nyingi kabisa duniani, na sehemu ya fedha hiyo akaielekeza kwenye vifaa na mafunzo ya hospitali yake. Tazama jinsi heshima ilivyotua: haikumtoa kazini, ilimpa kazi vifaa.

Si kila heshima hutua hivyo. Aprili 2020, gonjwa la Korona lilipokuwa limeifunga dunia, mzee wa Kiingereza wa miaka 99, Kapteni Tom Moore, alianza kuizunguka bustani yake kwa fremu ya kutembelea. Alikuwa askari wa zamani wa vita vya Burma, ambavyo babu zetu wengi wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, walipiganishwa pia. Aliweka nia ya mizunguko 100 kabla ya kutimiza miaka 100, na alitarajia kupata pauni 1,000 kwa ajili ya hisani za hospitali za umma. Zilipatikana zaidi ya milioni 32. Malkia wa Uingereza alimtunuku Julai ya mwaka huo, na Februari 2021 akafariki. Fedha ile ilifika ilikokusudiwa. Lakini baadaye wakfu tofauti ulioanzishwa kwa jina lake uliingia katika uchunguzi, na Novemba 2024 tume inayosimamia mashirika ya hisani Uingereza ilitoa ripoti ya kusikitisha juu ya jinsi ulivyoendeshwa na jinsi jamaa zake walivyonufaika. Mzee hakuwa na hatia. Jina lake lilikuwa limekwisha kuwa kubwa kuliko daftari lake, na hapakuwa na mtu wa kulishika daftari kwa mkono mgumu.

Rwanda inajua kuheshimu. Kugabira, yaani kumpa mtu ng'ombe, bado ni shukrani ya juu kabisa, na aliyepewa hasahau. Taifa limewatafuta hadi vijijini watu waliookoa wenzao mwaka 1994. Zura Karuhimbi wa Ruhango, bibi aliyewaficha watu zaidi ya 100 nyumbani kwake kwa kuwatisha wauaji na sifa yake ya uganga, alivishwa medali na Rais mwaka 2006, miaka kumi na miwili kabla hajafa. Hiyo ndiyo heshima ya wakati wake: alivikwa akiwa anaona. Anayeokoa watu polepole, kwa uji na nauli, miaka kumi na tano mfululizo, hana siku moja ya kukumbukwa, hivyo hukosa siku ya kushukuriwa. Mara nyingi shukrani humkuta jenezani. Watu husimama, mmoja baada ya mwingine, wakaeleza alivyowafaa, na wengi wao hawakuwahi kumwambia.

Sipendi hilo, na nadhani hakuna anayelipenda. Lakini sitaki pia tulifanye kinyume chake kwa haraka: cheti chenye fremu, kitenge, keki, picha na viongozi, kisha Jumanne mama anashuka peke yake kituoni na mfuko wake, magoti yanamuuma, nauli ni yake. Hiyo nauli ni jambo ambalo watu hawaliulizi. Wengi mtaani huamini analipwa na kanisa, au na hospitali, au na "wazungu fulani". Hakuna anayemlipa. Anatoa mfukoni mwake kwenda kutoa ya wengine, na siku akikosa hutembea.

Halafu kuna hili: akiugua yeye? Mwaka mmoja magoti yatakataa kabisa. Watu watamwonea huruma, watakwenda kumwona na matunda. Wodini, je? Kule ambako muuguzi wa zamu na afisa ustawi wa jamii wa hospitali wamezoea kupiga namba yake wakisema "mama, tuna mmoja hapa hana mtu", simu italia nyumbani na hakuna atakayekwenda. Mtandao mzima wa huruma ya Kabeza uko ndani ya kichwa cha mtu mmoja wa miaka sabini na kitu: nani hutoa mwisho wa mwezi, nani hutoa mchele na kamwe si fedha, nani asiombwe kwa sasa kwa kuwa amefiwa, muuguzi yupi ana moyo. Mambo hayo hayamo daftarini. Akiondoka yanaondoka.

Kwa hiyo ninayo rai kwa watu wa Kabeza, na kwa kila mtaa wenye mama wa namna hii. Msimheshimu kwa kumpumzisha. Mheshimuni kwa kumrithi angali hai.

Siku yenyewe ipo tayari, haihitaji ukumbi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda: mtaa mzima uko nje na majembe na mifagio, maduka yamefungwa, kisha watu huketi kwa kikao. Mkuu wa mudugudu, ngazi ya kijiji, yupo, wajumbe wa afya wa kujitolea wapo, vijana wapo hata kama kwa shingo upande. Katika kikao hicho mama apewe kiti cha mbele, na daftari lisomwe. Lisomwe upande wa mbele, majina na viasi, ili kila mtu asikie kwamba faranga 500 zake hazikupotea. Kisha ligeuzwe, usomwe upande wa nyuma: kitanda cha nne, maziwa, kitanda cha kumi na moja, nauli. Namba tu, kama alivyoandika. Ninaamini wapo watakaokuwa wamekaa palepale kwenye nyasi na kuitambua namba yao, na hakuna atakayejua ni wao isipokuwa mama peke yake. Hotuba ziwe fupi. Hakuna hotuba itakayoshindana na daftari hilo.

Ng'ombe akipatikana, apewe. Sina neno na ng'ombe. Lakini kabla ya ng'ombe yafanyike mambo ambayo hayapigwi picha. Kila isibo, kikundi cha kaya jirani, imtoe mtu mmoja wa kutembea naye kwa miezi mitatu, mtu wa kukaa kimya dukani na kutazama anavyoanza na habari za watoto. Namba ya MoMo, ya fedha kwa simu, iandikishwe kwa jina la kikundi na hesabu yake isomwe na watu watatu, ili yeye alindwe dhidi ya ulimi wa mtu, na kazi ilindwe dhidi ya tamaa ya atakayemfuata. Afisa ustawi wa hospitali apewe namba nne za simu mahali pa moja. Nauli yake itoke kwenye mfuko, iandikwe waziwazi, naye asione haya kuipokea. Hapa atapinga. Mtu aliyezoea kubeba haya ya wengine huwa hana mahali pa kuiweka yake, na pengine hili ndilo gumu kuliko yote: kumfundisha mama wa miaka sabini na mitano kupokea faranga mia chache za basi bila kuzirudisha kwa mlango wa nyuma.

Vijana watauliza kwa nini wasifanye yote kwa simu: kikundi cha WhatsApp, ujumbe mmoja, michango ikamiminika. Wafanye. Picha ya bili ikirushwa usiku inaweza kulipwa kabla ya asubuhi, na nimefurahi kuona hivyo kila inapotokea. Ila waangalie jambo moja ambalo mama amelilinda miaka yote kwa namba ya kitanda. Ujumbe wa simu unapenda uso. Unataka jina, kidonda, machozi, na mtoto akiwa uchi kitandani. Na picha hiyo itakuwa bado inazunguka mtoto huyo akiwa na miaka ishirini. Kijana atakayelirithi daftari arithi na ukimya wake. Bili ionekane, jina lifutwe. Asimulie aliyepona, kama mama anavyosimulia, bila kumtaja.

Na atakayejitolea asisubiri kuwa mzee. Uaminifu wa nyumba isiyoongezwa chumba huchukua miaka kujengwa, kwa hiyo aanze nao sasa, akiwa na miaka thelathini, akiwa bado na magoti. Kikao cha umuganda kikimalizika, kabla watu hawajakung'uta nguo na kuondoka, mwenye kikao aulize swali moja kwa sauti: Jumanne hii, nani anakwenda na mama wodini? Asifunge kikao mpaka yapatikane majina matatu, na yaandikwe daftarini siku hiyo hiyo, upande wa mbele, pamoja na namba za simu.